Kichwa cha dizeli kilichosimama miaka 10 kina bei gani? Tupige hesabu

#1 — Kipimo_KLA

Wakuu, kila orodha ya mnada hapa Uganda inapotoka na ndani yake kuna vichwa vya treni, ubishi huwa uleule. Mmoja anasema pima kwa kilo uende zako. Mwingine anasema kile kinafufuka, kina thamani ya mabilioni. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi juu ya kichwa kilekile, kwa sababu kichwa kizee hakina bei moja. Kina tatu:

Bei ya chuma: uzito, toa gharama za kukata na kusafirisha.
Bei ya spea: unachopata ukikivunja na kuuza vipande kwa mwenye vichwa vya aina hiyohiyo.
Bei ya kazi: thamani ya kuvuta mizigo kwa miaka iliyobaki, toa gharama ya kukifufua.

Thamani yake ni ile iliyo kubwa kati ya hizo tatu. Mwaka wa kutengenezwa uliogongwa kwenye kibao hausemi mengi. Kuna vya 1978 vinavyovuta hadi leo na vya miaka ya 1990 vilivyobaki mifupa.

Tuelewane maneno kabla hatujagombana: kichwa ni chombo kizima. Injini ni dizeli iliyo ndani. Mota za ekseli ni zile za umeme zinazozungusha magurudumu. Karibuni, hasa mliozoea karakana.

#2 — Ssebo_Dizeli

Naongeza jambo kabla watu hawajakimbilia injini. Anza na hesabu ya vilivyopo. Kichwa kilichoegeshwa pembeni ya stesheni hakikai salama: kwanza betri huondoka, kisha nyaya nene za shaba kati ya jenereta na mota, kisha kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota), gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini), injekta, turbo. Beba orodha ya spea ya mtengenezaji, ufungue kila mlango, uandike namba ya kila kifaa kikubwa. Namba ya bloku ya injini ilingane na daftari la matengenezo. Isipolingana, injini ilibadilishwa na daftari unalosoma ni la injini nyingine.

Ukikuta nyaya nene zimekatwa, usiandike "nyaya hazipo" ukaendelea. Mwizi wa shaba hafungui nati, anakata kwa shoka. Mara nyingi ameharibu na vituo vya mota, na hapo mota inarudi kusukwa upya.

#3 — mgeni_Soroti

Samahani wazee wangu, swali la mwanafunzi. Ukikuta injini imesimama muda mrefu lakini ipo kamili, si unaiwasha tu usikie?

#4 — Ssebo_Dizeli

Usiguse swichi, ndugu yangu. Maji huingia ndani ya silinda kupitia bomba la moshi lisilofunikwa, au kupitia laina (bomba la ndani la silinda) iliyopasuka. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakutana nayo, kitakachopinda ni fimbo ya pistoni, au kichwa cha silinda kitapasuka. Hapo umeishusha thamani kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya muuzaji.

Utaratibu ni huu. Chota mafuta kutoka chini kabisa ya sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) kwanza, maana maji hukaa chini. Yakiwa meupe kama maziwa, simama hapo. Fungua vali za kupimia za silinda zote. Zungusha injini kwa nyenzo ya mkono polepole: injini ya mipigo 2 mzunguko mmoja kamili, ya mipigo 4 mizunguko miwili. Kikitoka kioevu kwenye vali, jua ni silinda ipi na ni kioevu gani. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe. Ikizunguka vizuri, sukuma mafuta kwa pampu ya nje hadi yaonekane yakidondoka kwenye beringi zote za juu, ndipo ufikirie kuwasha.

Kwa injini za EMD, za Marekani, aina ya 567 na 645, fungua milango ya pembeni ya chumba cha hewa. Kupitia matundu ya laina utaona ringi na ukuta wa silinda bila kufungua kichwa cha silinda. Ringi inayong'aa pande zote ni nzuri. Michirizi ya kahawia au nyeusi inaonyesha moto unapita pembeni. Maji yakichuruzika chini ya laina, sili imekufa. Kazi hii ni ya saa moja na tochi, na inakuambia mengi kuliko maneno yote ya muuzaji.

Kisha kipimo cha waya wa risasi: waya huwekwa juu ya pistoni, injini inazungushwa kwa mkono, waya unabanwa kati ya pistoni na kichwa cha silinda, unapima unene uliobaki. Linganisha silinda moja na nyingine, na zote na rekodi ya zamani. Nafasi iliyoongezeka kwenye silinda moja ina maana beringi imeliwa, au fimbo ina tatizo.

#5 — Mzee_Mataruma

Vizuri. Tusisahau mafuta yaliyowahi kutumika. Hizo 567 na 645 zina fedha kwenye beringi ya pini ya pistoni, madini ya fedha kabisa. Mafuta ya kawaida ya malori huwa na kiambato cha zinki, na zinki hiyo hushambulia fedha. Kichwa kilichowahi kuongezewa "mafuta yoyote ya dizeli" kwa sababu bohari lilikuwa tupu kinaweza kuonekana safi juu huku pini zinakwisha. Peleka sampuli maabara. Fedha ikipanda, bei inashuka. Risasi na shaba zikionekana, beringi kubwa zinaliwa; chuma, ni laina na ringi; sodiamu au boroni, dawa ya maji ya radieta imevuja ndani.

Sampuli ichukuliwe baada ya injini kufanya kazi na kupata moto. Mafuta yaliyotulia miaka 10 uchafu wake umelala chini, na ukichota juu utapata majibu mazuri ya uongo.

#6 — Dada_Voltimita

Mnazungumza injini tu kama kawaida yenu. Kwenye dizeli ya umeme, nusu ya pesa iko kwenye jenereta kuu na mota za ekseli.

Kipimo cha kwanza ni megga, kifaa kinachopima insulesheni, yaani kizuizi cha umeme kuvuja. Kabla ya kuunganisha, tenga kadi zote za elektroniki na dayodi za olteneta, vinginevyo utaziua kwa volti 500 au 1,000 za megga. Pima kila mota peke yake, nyaya zimefunguliwa. Kanuni ya zamani inasema megaomu 1, ongeza 1 kwa kila kilovolti. Kwa mota ya chini ya volti 1,000, chini ya megaomu 2 haifai kupewa umeme.

Sasa hapa ndipo watu hupunjwa, wauzaji na wanunuzi. Kwa unyevu wa Ziwa Viktoria, mota iliyolala Port Bell au Jinja itasoma karibu sifuri hata kama haina ubovu. Usiihukumu siku hiyo. Ifute vumbi la kaboni, ikaushe kwa hewa ya moto isiyozidi nyuzi 90 kwa siku kadhaa, upime tena. Angalia pia uwiano wa dakika 10 kwa dakika 1: usomaji wa dakika ya 10 ugawanye kwa wa dakika ya kwanza. Ukipata 2 na zaidi, insulesheni iko hai. Ukibaki karibu na 1 hata baada ya kukausha, hesabu gharama ya kusuka upya.

Komyuteta nayo (ngoma ya shaba inayoguswa na kaboni): tazama rangi. Kahawia ya chokoleti iliyo sawa ni afya. Vipande vilivyoungua, alama za moto zilizoruka, au shaba iliyovutwa ukingoni ni dalili ya mota iliyozidishiwa mzigo. Pima shaba iliyobaki. Kila ikikerezwa inapungua, na ina kikomo chake kwenye kitabu. Mota yenye insulesheni nzuri na komyuteta iliyofika kikomo ni mota ya kuvunjwa.

#7 — mgeni_Soroti

Asante sana nnyabo. Na ikishawaka, tunajuaje nguvu yake imebaki kiasi gani?

#8 — Dada_Voltimita

Jaribio la mzigo. Jenereta kuu inaunganishwa kwenye sanduku la vipinga badala ya mota, au kichwa kinatumia vipinga vyake vya breki ya umeme kama kinaruhusu. Panda notchi (hatua za mkono wa dereva) moja moja hadi ya 8, kaa hapo hadi joto la maji na mafuta litulie, kisha soma volti na ampea.

Mfano: volti 780, ampea 1,700. Zidisha, upate wati 1,326,000. Gawanya kwa 746: nguvu za farasi 1,777 kwenye jenereta. Kibao kikisema 2,000 za kuvutia, unapungukiwa asilimia 11.

Usikimbie kusema injini imechoka. Upungufu huo mara nyingi ni vichujio vya hewa vilivyoziba, injekta chafu, gavana au kidhibiti cha mzigo kilichopotea mpangilio. Hayo ni marekebisho madogo. Moshi utakusaidia: mweusi ni hewa haitoshi au turbo imechoka, bluu ni mafuta ya injini yanaungua, mweupe usiokoma injini ikiwa moto ni maji au dizeli isiyoungua.

Kampala ipo karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Injini yenye turbo nzuri hustahimili, isiyo na turbo huona. Kichwa kitakachotumwa upande wa Kenya kitapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kwa hiyo ripoti ya jaribio isiyoandika ilifanyika wapi, saa ngapi na joto gani, irudishe.

#9 — Wembe_Tororo

Nyie wote mko juu ya fremu. Mimi nashuka chini.

Magurudumu: pima kipenyo, unene wa ukingo (mdomo unaoshika reli) na unene wa rimu, kila gurudumu, andika kwenye jedwali. Njia zetu zina kona nyingi na ukingo huliwa upande. Kuurudisha ukingo wenye afya lazima ukereze kipenyo chote, na unapoteza kipenyo zaidi ya unene unaopata kwenye ukingo. Gurudumu lenye ukingo mwembamba na rimu iliyo karibu na kikomo halina mara nyingine ya kukerezwa. Liandike sifuri. Kichwa cha ekseli 6 kina magurudumu 12, na seti mpya ni agizo la nje ya nchi la miezi.

Vipenyo visipishane kupita kiwango cha kitabu ndani ya bogi moja (fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa). Sababu ni ya umeme: mota zikiunganishwa sambamba, gurudumu kubwa linazunguka polepole, mota yake inakula ampea nyingi na kuungua. Mtu anabadilisha mota hiyohiyo mara tatu bila kujua mkosaji ni gurudumu.

Ekseli zipimwe kwa mawimbi ya sauti, nyufa hujificha chini ya kitovu cha gurudumu. Fremu ya bogi isafishwe hadi chuma, ipakwe dawa ya kuonyesha nyufa kwenye kona za beringi na mashikio ya breki. Kisanduku cha gia kikivuja, fungua utazame meno. Beringi za mota zinazolalia ekseli, kama ni za chuma laini na utambi wa mafuta, toa utambi: ukiwa mkavu au umejaa maji, hesabu beringi mpya.

Fremu kuu: vuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho, upande wa kushoto na kulia. Kichwa kilichogongana kikanyooshwa huficha mkunjo chini ya rangi. Kutu itafute chini ya masanduku ya betri, juu ya tangi la dizeli na chini ya sakafu ya kibanda cha dereva.

#10 — MzigoKasese

Naomba kuwapinga kidogo. Mnapima kama daktari, lakini swali la kwanza ni kama kichwa kinaweza kukanyaga reli yetu. Tuna geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja. Vichwa vya kusini mwa Afrika ni milimita 1,067. Watu husema "milimita 67 tu, sogeza magurudumu". Kusogeza ni 33.5 kila upande, lakini mota imekaa katikati ya magurudumu hayo! Kama mota ilitengenezwa kujaza nafasi ya 1,067, haitoshei, na unahitaji mota nyingine au bogi nyingine. Breki nazo zisogezwe zifuate gurudumu.

Halafu mzigo wa ekseli. Kichwa cha tani 96 chenye ekseli 6 ni tani 16 kila ekseli. Njia kuu itakubali vitu ambavyo reli nyepesi ya tawi na madaraja yake hayakubali. Ndiyo maana vichwa vya English Electric vya daraja (yaani aina) la 87, vilivyoanza kuja 1960 vikiitwa daraja la 90, vilipewa ekseli za ziada zisizo na mota, kugawa uzito tu.

#11 — Kipimo_KLA

Hupingi, MzigoKasese, unakamilisha. Sasa hesabu yenyewe. Sitaweka shilingi, maana dola na bei ya chuma hubadilika kila wiki. Tuseme kichwa kipya cha nguvu sawa ni 100. Namba hizi ni za mfano tu.

Kipya kitafanya kazi miaka 30. Kilichofufuliwa vizuri, tuseme 12. Hapo 100 × 12 ÷ 30 = 40.
Kipya kiko tayari siku 90 kati ya 100, kizee 70. 40 × 70 ÷ 90 = 31.
Kizee kinakunywa dizeli na mafuta zaidi kwa miaka yote 12. Toa 5, inabaki 26.
Kukifufua ni 21. Kukisafirisha na kukijaribu ni 3. Inabaki 2.

Bei ya chuma ya kichwa hicho, baada ya kukata, ni 4. Yaani kichwa kinachoweza kufufuka, chenye injini inayozunguka, kina thamani zaidi kikiwa kimekufa. Na ukiwa na ndugu zake 8 wa daraja hilo wanaofanya kazi, spea zake zinafika 9. Basi thamani ni 9, na mnunuzi wa haki ni mwenye ndugu zake.

#12 — Mzee_Mataruma

Hapo kwenye miaka 12 ndipo penye mchezo, kijana wangu. Mthamini akitaka bei ipande anaandika 20. Hiyo miaka lazima iwe na kazi ndani yake. Oktoba 2024 serikali ilisaini na Yapı Merkezi, kampuni ya Uturuki, ujenzi wa SGR (reli mpya ya geji pana zaidi) ya Malaba–Kampala, kilomita 272. Kichwa cha mita moja hakiendi kwenye SGR. Kwa hiyo miaka ya kichwa cha kuvuta makontena ya Malaba usiihesabu kama hakuna kitu kinachokuja pembeni yake. Kichwa chepesi kinachofaa Tororo–Gulu, njia ya kilomita 375 inayokarabatiwa ikibaki geji ileile, kina hoja tofauti.

Na gharama ya kufufua, weka akiba. Ukishafungua injini ya miaka mingi, krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ndiyo inayoamua. Imeshasagwa mara ngapi? Kama imefika saizi ya mwisho ya chini, hakuna beringi ya kuinunulia, na ile 21 yako inakuwa 30.

#13 — Wakala_Mnada

Wakuu, upande wa karatasi mmeuruka, na ndiko wanunuzi hukwama.

Nani mwenye mali? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 vichwa viligawanywa kati ya nchi tatu. Kisha ukaja mkataba wa RVR (Rift Valley Railways), kampuni iliyokodishiwa reli za Kenya na Uganda, 2006 hadi 2017. Kwenye mkataba wa aina ile kuna mali iliyokodishwa, ambayo ni ya shirika la reli, na mali aliyoleta mwekezaji, ambayo huenda ilikuwa dhamana ya benki. Taka hati ya kila namba ya kichwa, isiwe ya "kundi la vichwa".

Mali ya umma inauzwa kwa Sheria ya PPDA, ile ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma iliyotungwa 2003, kwa njia kama mnada, zabuni, kuuza moja kwa moja kwa sababu maalumu, kubadilishana, kuhamishia taasisi nyingine ya umma, au kuharibu. Kabla ya hapo kuna tathmini na bei ya chini. Tathmini iliyosema "kichwa kimoja, kibovu" bila namba za mota na bloku ni tathmini ya kuomba kesi.

Usafiri nao. Kikomo cha gari barabarani Afrika Mashariki ni tani 56 kwa jumla, pamoja na lori lenyewe. Kichwa cha tani 90 ni mzigo usio wa kawaida: kibali, msindikizaji, au ukivunje, bogi peke yake, injini peke yake. Kikivutwa kwa reli, lazima breki ya hewa ifanye kazi, kaboni za mota zinyanyuliwe au pinioni zitolewe, beringi zipate mafuta, na mwendo uwe mdogo. Kama kipo kwenye kipande cha reli kilichokatika, kreni itakula faida yote.

#14 — Wembe_Tororo

Na takataka zake. Vichwa vya zamani vina asbesto kwenye vifuniko vya bomba la moshi na gasketi, na kapasita za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu. Anayekata kwa gesi bila kuondoa hivyo anaua vijana wake na kujiletea NEMA, mamlaka ya mazingira. Gharama hiyo itolewe kwenye bei ya chuma. Wengi hawaitoi, ndiyo maana wanashinda mnada halafu wanalia.

#15 — MzigoKasese

Na vya mvuke? Kuna watu wanapima Garratt kwa kilo!

#16 — Mzee_Mataruma

Banange. Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zilitoka Beyer Peacock ya Manchester 1955 na 1956, kila moja tani 250 na ushei. Zilizobaki ni mbili, 5918 na 5930, zote Nairobi. Kitu cha namna hiyo mizani haifai. Unapima uhalisia: namba zake kwenye fremu, bwela na vibao ni vya mashine moja? Vibao vya shaba vipo? Halafu bwela lipimwe unene kwa sauti, hasa chini kwenye matope na kuzunguka boliti za sanduku la moto. La kuonyeshwa tu halihitaji bwela zima. La kuwashwa linahitaji, na tofauti ya gharama kati ya hayo mawili ni kubwa mno.

#17 — mgeni_Soroti

Nimeandika yote. Mtu mwenye siku moja tu ya ukaguzi, bila kuruhusiwa kuwasha, abebe nini?

#18 — Ssebo_Dizeli

Tochi mbili, kipima magurudumu, kalipa, megga, nyenzo ya kuzungushia injini, chupa 4 safi za sampuli zenye lebo, uzi wa mita 20, brashi ya waya, dawa ya nyufa, kamera, na orodha ya spea ya daraja hilo. Anza na hesabu ya vifaa na magurudumu, kisha megga kabla jua halijapanda sana, kisha chumba cha hewa na mafuta. Ukikataliwa kufungua milango ya injini, andika kwenye ripoti kwamba injini ni sifuri. Muuzaji akitaka isiwe sifuri, atafungua.

#19 — Dada_Voltimita

Megga yenye betri iliyojaa, ssebo. Na mvua ikinyesha usiku wake, ahirisha vipimo vya umeme.